Buli la fedha la urithi: lipi la wazee ni kweli, na litumiwe vipi

Swali: Bibi mzaa mama aliniachia buli la chai la fedha, vijiko sita na sinia. Wazee nyumbani wanasema chai ya kwenye fedha huwa tamu zaidi, kwamba fedha hugeuka nyeusi ikigusa sumu, na kwamba kijiko cha fedha ndani ya mtungi wa maji huua vijidudu. Mama mkwe anaongeza kuwa fedha hukinga husda. Mume wangu naye anasema kunywea fedha ni haramu, nisilitoe kabatini. Mtandaoni naona watu wakisifu mabirika ya fedha ya Kijapani. Buli limeshika weusi nje na ukahawia ndani. Je, nilitumie? Na nilisafishe kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

Jibu:

Dada msomaji, kabla ya sumu na husda, lipindue buli utazame kitako chake. Karibu kila ulichouliza kina majibu mawili: moja la fedha tupu, jingine la chombo kilichopakwa fedha juu ya metali nyingine. Usipojua ulicho nacho, utabishana na mumeo juu ya chombo ambacho pengine fedha yake yote ikikusanywa haitoshi kufua kijiko.

Chombo cha fedha cha Uingereza hugongwa mihuri midogo minne au mitano kwa mstari. Simba anayetembea akiwa ameinua mguu mmoja wa mbele ndiye anayethibitisha fedha ya 925, yaani katika sehemu 1,000 za uzito, 925 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu ya kuipa ugumu. Pembeni yake huwa na alama ya mji (kichwa cha chui kwa London, nanga kwa Birmingham, taji kwa vyombo vya zamani vya Sheffield), herufi ya mwaka na herufi za fundi. Nchi nyingine nyingi hugonga tarakimu tu: 800, 900, 925, 999. Ukikuta herufi EPNS, hata kama kila herufi imewekwa ndani ya kingao chake ili ifanane na mihuri, hilo si buli la fedha. Ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya shaba, zinki na nikeli iliyopakwa fedha kwa umeme, kazi iliyoenea baada ya kampuni ya Elkington ya Birmingham kupata hataza mwaka 1840. Aloi hiyo huitwa fedha ya Kijerumani, na ndani yake hamna hata chembe ya fedha.

Kukosa muhuri si kukosa fedha. Vyombo na mapambo mengi ya pwani na ya Omani yalifuliwa kwa riale za Maria Theresa (sarafu za fedha za Austria) zilizoyeyushwa, zile zenye mwaka 1780, na fedha ya riale ni ya 833 tu. Masonara hawakuwa na desturi ya kugonga muhuri wa kiwango. Kwa hiyo kama kitako ni kitupu, tazama sehemu zinazosuguliwa: ncha ya mdomo, ukingo wa kifuniko, mguu wa buli, mgongo wa kijiko pale kinapogusa meza. Kwenye chombo kilichopakwa, hapo rangi hubadilika ikawa ya manjano au ya kijivu chenye umanjano kidogo, kwa sababu koti limekwisha. Sumaku haikusaidii sana. Itakuambia tu kwamba si chuma. Fedha, shaba na aloi ya nikeli ya aina hii zote haziishiki.

Vijiko unaweza kuvipima mwenyewe jikoni kwa mizani inayosoma hadi 0.1 ya gramu. Vipime vyote sita pamoja vikiwa vikavu, uandike uzito. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uvifunge vijiko kwa uzi mwembamba na kuvizamisha vyote huku umeshika uzi, visiguse kitako wala ubavu wa bakuli. Namba itakayopanda ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo. Fedha ya 925 hutoa karibu 10.3 au 10.4, aloi ya nikeli hutoa 8.6 hadi 8.8. Vijiko sita vya gramu 120 vikiwa vya fedha vitapandisha mizani kwa 11.6 hivi, na vikiwa vya aloi kwa 13.8. Tofauti hiyo ni kubwa vya kutosha kuonekana, mradi upime vyote kwa pamoja. Kijiko kimoja kimoja, kosa dogo la mizani litakupotosha. Mapovu ya hewa yaliyong'ang'ania vijiko nayo hupotosha, basi vitikise kidogo ndani ya maji. Buli lenye mkono wa mti halipimiki hivi. Hilo lipeleke kwa sonara mwenye jiwe na asidi ya majaribio, na umwambie akwaruze chini ya mguu, si ubavuni.

Sasa sumu. Imani hii si ya pwani pekee. Katika jumba la kifalme la Korea watu walikula kwa vijiko na vijiti vya fedha kwa hofu hiyohiyo, na China ina kitabu cha uchunguzi wa vifo cha Song Ci, cha mwaka 1247, kinachoeleza sindano ya fedha inavyotumika kutafuta sumu kwenye maiti. Na ilikuwa ikigeuka nyeusi kweli. Sababu ni kwamba zaniki (aseniki) ya wakati ule ilichomwa kutoka kwenye mawe yenye salfa, na salfa iliyobaki ndani yake ndiyo iliyoigeuza fedha. Fedha na salfa zikikutana hufanya utando mweusi wa salfaidi ya fedha; zaniki yenyewe ikiwa safi haiachi alama yoyote. Sianidi haiachi weusi. Sumu nyingi za panya na za wadudu hazina la kuifanya fedha kwa dakika chache za kukoroga chai. Upande wa pili, kiini cha yai la kuchemsha kitakigeuza kijiko rangi ya dhahabu kisha nyeusi mezani pako, na yai halina kosa lolote. Kipimo kinachonyamazia sumu na kulishtaki yai hakifai kutegemewa. Mtu akishuku amelishwa kitu, aende hospitali mara moja na mabaki ya chakula au kinywaji yahifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa, yapimwe na mkemia wa serikali. Asikae nyumbani akikodolea kijiko macho.

Na weusi wa buli lako hautokani na chai. Unatoka hewani. Mombasa imezungukwa na mikoko, na tope la mikoko maji yakitoka hutoa gesi ileile ya yai viza, yaani haidrojeni salfaidi. Kiasi kidogo sana chatosha, hasa hewa ikiwa na unyevu. Nyumba iliyo karibu na mkono wa bahari itaona fedha ikigeuka nyeusi haraka kuliko nyumba ya bara pakavu. Weusi huo hauna madhara kwa mnywaji, maana salfaidi ya fedha haiyeyuki katika maji wala katika chai.

Habari ya vijidudu ina ukweli mwingi zaidi, lakini watu huutumia mahali pasipo pake. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba mfalme Koreshi wa Uajemi alisafiri na maji ya mto Choaspes katika vyombo vya fedha, yakibebwa kwa magari ya nyumbu. Wanaoikariri habari hiyo husahau neno moja lililomo: maji yale yalikuwa yamechemshwa kwanza. Mwaka 1893 mwanasayansi Carl Nägeli alichapishiwa maelezo ya jinsi chembe chache mno za fedha na shaba zilizoyeyuka majini zinavyoua mwani na vijidudu. Leo vichujio vya udongo vya kusafishia maji hupakwa fedha kwa sababu hiyo. Ila angalia masharti yake. Fedha huua ikiwa imeyeyuka kama ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, na kipande cha metali kinatoa ioni kidogo na polepole. Kazi huchukua saa nyingi. Chumvi iliyomo majini huzikamata ioni hizo, na maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Tope na uchafu huzikamata pia. Kijiko kilichokaa mtungini usiku kucha hakijayafanya maji kuwa salama. Maji yachemke yakitokota kwa dakika 1, au dakika 3 kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, basi. Kwa chai, hoja yenyewe inaanguka: umeshachemsha, kijiko hakina wa kumuua.

Hapa niweke onyo moja lisilohusu buli. Kuna watu wanaouza chupa za "maji ya fedha" ya kunywa, wakidai yanatibu kila kitu. Hayo ni kitu kingine kabisa. Fedha iliyosagwa laini hivyo hufyonzwa mwilini, na anayeinywa kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi rangi ya kijivu cha samawati, na rangi hiyo haitoki tena. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba bidhaa za aina hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na faida. Kunywa chai iliyokaa kwenye buli la fedha hakukufikishi huko. Chai ina asidi hafifu sana, nayo haiiyeyushi fedha kwa kiasi cha kuhesabika.

Utamu, basi. Fedha haitoi sukari wala kitu chochote cha kuonjeka. Inachofanya ni kutoongeza kitu, na hilo lina thamani kwenye chai. Tanini za majani zikikutana na chuma hufanya rangi nyeusi na ladha ya wino. Ndiyo sababu chai iliyopikwa kwenye sufuria yenye kutu huwa na ukakasi usioelezeka. Shaba tupu nayo ina ladha yake. Fedha imetulia. Lu Yu, aliyeandika kitabu cha chai huko China katika karne ya 8, alisema sufuria ya fedha ni safi kabisa ila inaelekea kwenye anasa, na kwa matumizi ya kudumu akarudi kwenye chuma. Mfalme Huizong, miaka mia tatu na zaidi baadaye, hakuwa na wasiwasi wa anasa. Yeye alitaka chombo cha kumiminia maji kiwe cha dhahabu au fedha.

Jambo la pili ni joto, na hapa ndipo fedha inapowashinda wengine kwa tarakimu. Hakuna metali inayopitisha joto kuliko yeye: kipimo chake ni karibu 429 (wati kwa mita kwa kila nyuzi), shaba nyekundu kama 400, chuma cha pua karibu 15, na kauri haifiki hata 3. Ukimimina maji ya moto, buli zima linapata joto papo hapo. Watu huhitimisha kwamba basi chai itapoa upesi. Sivyo. Buli la fedha la gramu 600 linahitaji joto kidogo sana ili nalo liive. Maji yako ya mililita 800 yatashuka kama nyuzi 3 tu. Buli la kauri la uzito huohuo litayashusha karibu nyuzi 9. Tena fedha iliyong'arishwa hairushi joto kwa mnururisho kama kauri au metali iliyochujuka, kwa hiyo inaitunza chai vizuri. Majani meusi ya Kericho, Limuru au Mufindi yanataka maji yaliyokaribia kuchemka ili yatoe rangi na nguvu yake, na nyuzi 6 za tofauti huonekana kikombeni. Nadhani utamu wanaousema wazee ni huu: chai iliyoiva sawasawa, isiyo na kutu, iliyofika mdomoni bado moto.

Ubaya wa sifa hiyo ni mkono wa buli. Ndiyo maana mabuli ya fedha yaliyotengenezwa vizuri yana mkono wa mti, au mkono wa fedha uliokatwa mahali pawili na kuwekwa vipete vya pembe visivyopitisha joto. Buli la fedha la kale zaidi la Kiingereza linalojulikana, la mwaka 1670, liko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London. Ni refu na lenye umbo la dele la kahawa, na mkono wake umefunikwa ngozi. Ukiona mkono wa buli lako umebadilishwa ukawa metali tupu, shika kwa kitambaa. Kikombe cha fedha kwa chai ya moto ni kazi mbaya hata kama dini yako inakuruhusu: kitakuunguza mdomo kabla hujaionja chai.

Kijiko ndani ya bilauri ili isipasuke ni imani nyingine ya zamani, nayo ni ya kweli. Chai ya moto ikiingia kwenye bilauri nene, tabaka la ndani la kioo hupanuka kabla ya la nje, kikapasuka. Kijiko cha metali hunyonya sehemu ya joto la mmiminiko wa kwanza. Weka kijiko kwanza, mimina juu yake robo ya bilauri, subiri kidogo, kisha jaza. Kijiko chochote cha metali kinasaidia. Cha fedha zaidi. Kitoe kabla ya kumpa mtoto, maana ncha yake itakuwa ya moto sawa na chai.

Kuhusu husda sina kipimo cha kukupa. Najua inakotoka: kwa Waomani na watu wa pwani hirizi huvaliwa ndani ya vikasha vya fedha, na Wahindi huihesabu fedha kuwa metali ya mwezi yenye ubaridi, wakamlisha mtoto mlo wake wa kwanza kwa bakuli na kijiko cha fedha. Heshima ya chombo ikahamia kwenye chai. Anayeamini aamini, chai haibadiliki. Wala usichanganyikiwe na dukani wanakouza "sindano za fedha": hizo ni machipukizi machanga ya mchai yenye vinyweleo vyeupe, asili yake Fuding na Zhenghe huko China, na Kenya nayo hutoa ya kwake. Jina ni la rangi.

Hoja ya mumeo ni nzito, na mimi ni mtu wa metali, si mufti. Hadithi za Hudhayfa na Ummu Salama, zilizomo katika Bukhari na Muslim, zinakataza wazi kunywa na kula katika vyombo vya dhahabu na fedha, na katazo hilo linawahusu wanawake sawa na wanaume. Ruhusa ya wanawake ni ya mapambo ya kuvaa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, kauli iliyo sahihi zaidi inakataza hata kukiweka chombo cha fedha bila kukitumia, kwa hiyo "nitalipamba kabatini tu" nalo lina mjadala. Lakini fiqhi hiyohiyo inatofautisha fedha tupu na kilichopakwa: koti likiwa jembamba kiasi kwamba chombo kikipitishwa motoni hakitoki kitu cha kukusanyika, kimeruhusiwa kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kiraka kidogo cha fedha cha kuziba ufa kinaruhusiwa pia, kwani kikombe cha Mtume (s.a.w.) kilipovunjika kiliungwa kwa fedha, kama alivyosimulia Anas. Sheikh wako atahitaji kujua mambo mawili ambayo yeye hawezi kuyaona kwa macho: je, ni fedha tupu au koti, na koti ni nene kiasi gani. Upakaji mwepesi huwa wa maikroni 5 au chini (maikroni 1,000 ni milimita 1). Ule mzito, wa vyombo vya hoteli, hufika maikroni 20 hadi 30. Buli lenye eneo la sentimita mraba 1,000 ndani na nje, likipakwa maikroni 20, lina karibu gramu 21 za fedha, na hicho si kitu cha kusema hakipo. Nenda naye ukiwa na majibu hayo, msibishane bure. Wala usimtolee mumeo hoja ya Wamorocco na mabuli yao yanayong'aa: mengi ya hayo ni shaba njano au aloi ya nikeli iliyopakwa, baadhi yalifuliwa Manchester kwa ajili ya soko lao, nao hunywea bilauri.

Tuseme umeshapata jibu na unataka kulitumia. Chunguza ndani kwa tochi. Ukahawia ulionao ni utando wa chai, unatoka. Ukijani kwenye maungio ni shaba iliyoanza kuliwa. Mabaka ya manjano ndani ni koti lililokwisha. Hapo chai ya moto inagusa shaba na nikeli, na mtu mwenye mzio wa nikeli asiinywe. Vinundu vya kijivu kilichofifia kwenye shina la mdomo au mguuni ni dalili ya ukarabati wa zamani kwa metali ya risasi. Risasi ikionekana upande wa ndani, hakuna mjadala: buli hilo si la kunywea mpaka ungio lifanywe upya.

Utando wa chai utoe hivi: kijiko kikubwa kimoja cha soda ya kuokea kwa nusu lita ya maji ya moto, jaza buli, acha saa moja, tikisa, suuza mara tatu. Rudia kuliko kusugua. Kwa weusi wa nje wa fedha tupu, tandika karatasi ya aluminiamu ndani ya beseni la plastiki, weka chombo kikigusana na karatasi hiyo, mimina maji ya moto ya nyuzi 70 hadi 80 yenye kijiko kikubwa kimoja cha soda kwa kila lita. Aluminiamu huichukua salfa na fedha inabaki mahali pake. Harufu ya yai viza utakayoisikia ni salfa ikitoka, fungua madirisha. Dakika 1 hadi 3 zatosha kwa vijiko. Visipogusana na karatasi, hakuna kitakachotokea, na hili ndilo kosa la kwanza la wengi. La pili ni kulitumbukiza buli lenye mkono wa mti au lenye gundi, au chombo ambacho weusi wa kwenye nakshi uliwekwa na fundi makusudi. Nakshi itafutika na hutairudisha. Njia hii pia huuacha uso wa fedha umefifia kidogo, hivyo si ya kila wiki.

Buli lililopakwa lisafishe kwa chaki laini iliyosagwa na maji, kwa kitambaa cha pamba, ukisugua kwa mstari mmoja bila kuzungusha, na si zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Kila usuguaji unapunguza koti. Majivu, mchanga, waya wa chuma na dawa ya meno vinakwaruza. Dawa za klorini za kung'arishia nguo zitakuachia madoa ambayo sonara pekee atayaondoa.

Chai ya maziwa usiipike ndani ya fedha. Maziwa yakipita nyuzi 75 hivi protini zake huanza kutoa salfa, na chombo kitageuka cheusi kwa ndani papo hapo, ndipo nyumba nzima ipige kelele ya sumu. Pika kwenye sufuria, tangawizi na iliki yako humo, chuja, kisha mimina kwenye buli kwa kuandaa tu. Chai ya rangi tia gramu 10 za majani kwa mililita 800, dakika 3 hadi 4. Majani yetu ni chembe ndogo, yanapita kwenye matundu ya mdomo wa buli na mengine yanaziba humo, kwa hiyo tumia chujio. Ndimu kamulia kikombeni, si ndani ya buli. Likishatumika, lioshe ndani ya nusu saa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, lipanguse, liache wazi usiku kucha. Bawaba ya kifuniko ndiko maji yanakojificha. Kulihifadhi, lifunge kwa kitambaa cha pamba ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vipande vya chaki vya kunyonya unyevu. Mpira, sufi na magazeti viwe mbali, maana vina salfa.

Mabirika ya Kijapani yanayoitwa ginbin ni ya kuchemshia maji, si ya kutia majani. Halisi hugongwa herufi 純銀, maana yake fedha tupu. Wanaoyapenda husema yanalainisha maji. Ugumu wa maji ni chokaa na magnesiamu, na fedha haiziondoi. Maji ya visima vinavyopita kwenye mawe ya matumbawe yataacha ukoko mweupe ndani ya ginbin sawa na ndani ya birika la bati, na chai yake itakuwa na utando juu vilevile. Kwa Mombasa, pesa za ginbin zingenunua mchujo wa maji mzuri na chenji ikabaki. Ukilipata hata hivyo, litumie kwa moto mdogo au mkaa uliokwisha shika majivu, na kamwe lisikauke jikoni. Fedha yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 962, lakini viungio vyake huachia mapema zaidi, na kiungio cha bati huachia karibu nyuzi 200, hivyo mdomo wa birika tupu unaweza kudondoka kabla hujafika jikoni. Ukoko utoe kwa kijiko kikubwa kimoja cha asidi ya limau kwa lita ya maji ya uvuguvugu, nusu saa. Kwenye jiko la induksheni, lile linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, halitapata moto.

Mwisho, buli lako likionekana limepakwa na koti la ndani limekwisha, sonara mwenye mtambo anaweza kulipaka upya. Mwambie unataka fedha ya maikroni 20 ndani, na asiache nikeli wazi popote chai inapopita. Upakaji huu kwa kawaida hufanywa kwenye maji yenye sianidi, nayo huweza kubaki kwenye mishono na bawaba. Muulize alivyolisuuza, na ukilipokea lijaze maji yanayochemka yenye soda, limwage likipoa, urudie mara tatu ukiiloweka bawaba pia, kabla halijatiwa chai.